Mkono wa Kwenye Bango

Machi 11

Dada Bomu mpendwa,

Usinune. Jina hilo si langu, ni la wanangu, na wamekupa kwa heshima zote. Hakuna shangazi mwingine wanayemjua anayeweza kuletewa keki ya siku yake ya kuzaliwa akaanza kueleza kwamba bomu moja la nyuklia likianguka mjini, vitanda vyote vya hospitali havitatosha hata mtaa mmoja. Mishumaa ilizimika yenyewe kwa huzuni.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nina habari, na safari hii nataka nimalize sentensi.

Ile Jumamosi imefanyika! Umoja wenu wa madaktari ulipotutumia lile wazo, kwamba hospitali ifungue chumba kimoja, mtu aje na silaha yake aiache, asiulizwe jina wala alikoitoa, nilikwambia hatakuja hata paka. Nilikosea. Likate neno hilo ulibandike ukutani, maana hutalisikia tena mwaka huu. Tulitumia chumba cha kufungia plasta, kile chenye mlango wa pili unaotokea uani. Polisi walikubali kukaa mbali na kuja kuchukua sanduku mwishoni tu. Muuguzi Mkuu alikaa mlangoni na uso wake ule wa kukagua mashuka. Nikamwambia, "Sista, tabasamu kidogo, watu wataogopa." Akanijibu, "Daktari, mtu mwenye bastola akiniogopa mimi, ubaya uko wapi?"

Sanduku lilijaa. Bunduki, bastola, na bomu moja la mkono lililotukimbiza sote mpaka kwenye bustani, mimi nikiongoza msafara.

Lakini nataka nikusimulie habari ya Fundi. Unamkumbuka, yule mtengeneza viti aliyepigwa risasi ya kiganja akiwa anafunga karakana yake? Risasi haikuwa na ugomvi naye hata kidogo, ilikuwa inapita tu. Nilimpasua mara kadhaa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikwenda, ila kidole gumba nilikijenga upya, nikakiunga na kano niliyoitoa kwenye kigasha, na mshono ukapita kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ncha kama njia ya reli. Alirudi kwenye viti vyake.

Jumamosi hiyo alikuja na mfuko wa saruji. Ndani mna bastola. Shemeji yake, kaka wa mkewe, anatembea na kundi la wenye silaha, na aliificha kwenye maranda ya karakana, palepale watoto wa Fundi wanapochezea. Fundi hakumwambia mtu. Aliitoa, akaiweka kwenye trei ya chuma kwa mkono uleule niliomshonea. Nikamwambia, "Hebu tulia. Nyoosha mkono niuone." Akanyoosha. Nikapiga picha.

Itazame, dada, nimeiambatisha. Uso haumo, jina halimo; sina haja ya kufundishwa siri za mgonjwa na mtu aliyekuwa akisoma barua zangu za mapenzi mezani kwa sauti. Itumie utakavyo. Lakini tazama huo mshono! Najua picha ni ya bastola, ila kila nikiitazama macho yanaenda kwenye mshono.

Mdogo wako,
Bwana Uzi


Aprili 2

Bwana Uzi, kitinda mimba wetu,

Barua zako za mapenzi zilisomwa mezani kwa sababu zilikuwa zinachekesha, na nyumba nzima ilikubaliana nami, baba akiwemo.

Sasa picha. Niliiweka juu ya meza ya ofisi (ofisi, nakukumbusha, ni vyumba viwili juu ya duka la viatu, na lifti inayopanda ikijisikia) na wenzangu wote wakanyamaza. Umoja huu una madaktari kutoka kila pembe na sijawahi kuwaona wakinyamaza. Tangu nilipoacha wodi ya watoto nimekuwa nikiwapelekea wajumbe wa mataifa grafu za vifo, nao wamekuwa wakizitazama grafu zangu kama mtoto anavyotazama dawa ya minyoo.

Mwishoni mwa Juni kuna mkutano mkubwa, na tunataka kifungu kimoja tu kipite: bunduki zisiuzwe panapopiganwa. Kikipita, watakuwa wamekiri kwamba daktari ana neno katika mambo ya silaha. Hapo ule mlango wa mabomu ya nyuklia, walionifungia usoni tangu nilipokuwa na nywele nyeusi, itabidi waufungue hata kidogo. Tumepungukiwa kura chache. Picha yako ndiyo itakayozileta.

Tumeichapa kama bango. Mkono umejaa ukurasa mzima. Chini tumeandika: "Ameiweka chini. Nanyi je?" Na kwa herufi ndogo: "Picha imetumika kwa ridhaa ya mwenyewe." Bila shaka ulishamuuliza, sikutaka kukusumbua kwa jambo lililo wazi. Mabango yametumwa kwenye hospitali zote za wanachama, yenu ikiwemo.

Msalimie wifi. Mwambie akupunguzie chumvi, na sifa.

Dada yako,
Bomu


Aprili 20

Dada Bomu,

Mabango yalifika nikiwa ndani ya chumba cha upasuaji. Nilipotoka Muuguzi Mkuu alikuwa keshayasambaza kama anasambaza chanjo: korido ya wagonjwa wa nje, dirisha la dawa, stendi, sokoni. Nilisimama mbele ya lile la korido nikiwa bado na kofia kichwani, nikajifanya nasoma tangazo la kunawa mikono lililo pembeni yake. Mkono ni mkubwa kuliko mimi! Kila tundu la sindano linaonekana.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi, mguu umefungwa plasta. Akanigusa koti. "Daktari, huo si mkono wa fundi wetu wa viti?"

"Mama, mikono inafanana."

"Inafanana na wa nani? Nani mwingine ana kidole kama hicho?"

Nikacheka. Mchoraji huweka sahihi yake pembeni ya picha, mimi naona naishona katikati.

Nimewaambia wabandue yale ya sokoni na ya stendi. Mvua inayaharibu.

Wifi yako amepunguza chumvi. Kuhusu sifa, anasema hakunipa yeye, kwa hiyo hana cha kupunguza.

Mdogo wako,
Bwana Uzi


Mei 9

Mdogo wangu,

Mbona kimya? Nimezoea barua zako ziwe ndefu na zisiwe na maana. Sasa hakuna ndefu wala fupi.

Nina ombi. Tunataka Fundi aje mkutanoni. Umoja utalipia safari, na mkalimani tunaye. Hatahitaji kuhutubia. Atasimama pale mbele, bango nyuma yake, anyanyue mkono tu. Nimemwambia mjumbe mmoja, yule ambaye kura yake huvuta nyingine nyuma yake, na aliweka kalamu chini kunisikiliza. Huyo bwana hajawahi kuweka kalamu chini kwa ajili yangu, hata siku niliyodondosha jagi la maji.

Muulize Fundi. Mwambie nitamtunza kama mwanangu.

Dada yako


Mei 17

Dada mpendwa,

Samahani kwa ukimya, kazi zimetuzidi. Fundi hataweza kuja. Siku hizi hayupo karakanani, na safari kwa sasa ni ngumu kwake. Usimtegemee.

Kwetu wote wazima. Wiki hizi nimekuwa na mkono mmoja wa kulia ulionichosha sana, mifupa imekuwa kama chaki iliyokanyagwa. Uzee nao unakuja, nilisahau miwani nikavaa ya dereva wa gari la wagonjwa, tukaachana hivyo hivyo, yeye na yangu, mimi na yake, mpaka alipogonga geti.

Nilikuwa nafikiria kuhusu lile bango. Hamwezi kutumia picha nyingine? Rangi zake hazijanikaa vizuri. Mkono unaonekana mwekundu mno.

Mdogo wako


Mei 26

Wewe,

Rangi? Umesimama mbele ya bango hilo kama bwana harusi mbele ya kioo, leo unanieleza rangi?

Nilimpigia wifi. Amesema unakula kwa kijiko tu kwa sababu hutaki kushika kisu mezani, na kwamba unawaangalia watoto mikono wakiwa wanakula mpaka wanaificha chini ya meza. Sikuulizi hili kama mkubwa wa umoja wowote. Nakuuliza kama mtu aliyekuwa akikufuta kamasi.

Kumetokea nini?

Dada


Juni 3

Dada,

Sikumuuliza. Anzia hapo.

Nilimwambia, "Nyoosha mkono niuone," kama nilivyomwambia kila alipokuja kliniki, na kila alipokuja kliniki nilipiga picha ya faili lake. Alidhani ni ileile. Na wewe ulipoandika habari ya ridhaa, niliisoma sentensi yako, nikairuka, nikaenda kwenye ile ya chumvi.

Nilificha uso. Ndivyo tulivyofundishwa, wewe na mimi: funika macho, futa jina, mgonjwa yuko salama. Lakini kule mitaani nani anamtambua fundi kwa macho? Wanamjua kwa mkono, na mkono huo niliutengeneza mimi, hauna pacha. Nilimfuta uso halafu nikamwandika jina kwa uzi. Daktari wa macho asingeweza kukosea hivi, dada, wala wa meno. Ilihitaji mpasuaji, tena mwenye kujipenda.

Yule mama wa plasta alipoutambua nilicheka, ila nilijua amesema kweli. Ndiyo maana nikaagiza yabanduliwe ya sokoni na ya stendi. Mvua haikuwepo, hata wingu. Ya hospitalini niliyaacha. Nilijiambia hapa ni kwetu, hapa hapana ubaya. Ukweli ni kwamba yalinipendeza. Nilikuwa napita ile korido hata nisipokuwa na safari ya kule.

Basi ni hapo hapo yalipoonekana. Mmoja wa kundi la shemeji yake alikuja kumtazama mgonjwa. Muuguzi Mkuu anamkumbuka, alisimama mbele ya bango muda mrefu. Sista alidhani jamaa ameguswa. Alitaka hata kumwambia habari za Jumamosi ijayo.

Walimfuata karakanani mchana, watu wakipita. Wakamwambia aweke mkono juu ya meza ya kazi. Akaweka wa kushoto, wenye mshono. Wakamwambia, "Huo acha, huo una wenyewe. Lete mwingine." Wakachukua nyundo yake mwenyewe.

Shemeji yake hakuwepo. Tangu siku hiyo hajaonekana, na hakuna anayejua kama amekimbia au wamemmaliza.

Zamu ilikuwa yangu. Nilimpokea mimi, nikampasua mimi, nimefanya nilichoweza. Nilipotoka mkewe alikuwa kwenye mlango wa wodi. Akaniuliza, "Daktari, na huu utaupiga picha?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa za kuona wagonjwa.

Fundi alipozinduka aliomba vidonda vyake vifungwe na daktari mwingine. Sasa yuko kwa mwenzangu. Ameruhusiwa kulala nyumbani, kwa ndugu, si kwake.

Sikukwambia kwa sababu bango ndilo tegemeo lako, na mkutano umekaribia. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Lakini najijua. Nilitaka abaki angalau mtu mmoja anayenitazama kama zamani.

Mdogo wako


Juni 12

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, nikiwa nimesimama, na nimesimama pale mpaka mwenye duka la viatu akaja kuniuliza kama naumwa.

Usijitwalie yote. Ulikuwa mchoyo tangu mdogo, na sasa hata lawama unataka uile peke yako. "Kwa ridhaa ya mwenyewe" ni maneno yangu. Niliyaandika nikijua kwamba sijui. Miaka yote ile wodini, mzazi akija bila sahihi yake kwenye karatasi sikumgusa mtoto. Kwako sikuuliza, kwa sababu niliogopa ungejibu kwamba hujamuuliza, na bango lilikuwa zuri mno. Umeona? Hata mimi nilikuwa na mshono wangu.

Nimepiga simu hospitali zote. Mabango yanabanduliwa. Ya huku niliyachana mwenyewe, na wenzangu walinisaidia bila kuuliza, jambo ambalo limeniumiza kuliko kama wangeuliza.

Sasa nisikilize kabla hujaikunja karatasi hii. Nikisimama mbele ya wajumbe nikasema yaliyompata Fundi, bila picha, bila jina, bila nchi, nadhani kifungu kinapita. Yule mjumbe wa kalamu aliniambia waziwazi: "Daktari, tuletee kitu ambacho hatutakisahau tukienda kula." Ninacho. Namwona Fundi, halafu nawaona wote ambao bado hawajapigwa, na ambao huenda wasipigwe. Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande, na kila upande najiona ni mimi tena, nimenyoosha mkono kuchukua cha mtu.

Kwa hiyo nimemwandikia mwenyewe. Barua iko ndani ya hii. Usimpelekee wewe. Mpe Muuguzi Mkuu. Na usiende kusimama dirishani kusikiliza. Nakujua.

Dada yako


Juni 19

Kwa Daktari, dada wa Daktari,

Salamu. Anayeandika ni mke wangu, mimi mikono haifai kwa sasa. Ameahidi kuandika ninavyosema bila kuongeza kitu. (Nitaongeza. – Mke)

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ni ndefu. Umeeleza mkutano vizuri. Hayo mabomu makubwa nayo nimeyaelewa, na mwanangu mkubwa alikuwa anasikiliza, naye ameyaelewa. Alikuwa anaogopa giza, sasa anaogopa mawingu. (Mama, usiwaandikie hivyo watu wenye watoto.)

Umeuliza kama unaweza kuwaambia yaliyonipata. Umesema hutataja jina. Daktari naye hakutaja jina.

Jibu langu ni hapana.

Sikuombei mabaya. Nataka hicho kifungu kipite. Ningekuwa na kura ningekupa. Lakini wale watu bado wako, na redio wanasikiliza kama wengine. Na hata wasingekuwepo. Siku hizi kila anayekuja kunijulia hali ananitazama mikono kwanza, ndipo anasema hujambo. Nimechoka kuwa mkono. Nataka nikae niwe mtu mwenye hasira zake tu, kama mtu yeyote.

Ile Jumamosi siijutii, hilo uliandike. Kitu kile kilikuwa pale watoto wanapocheza, na ningekitoa tena. Ila ningevaa glavu. (Hapa amecheka. Ni mara ya kwanza tangu yale mambo.)

Mdogo wako ameniletea salamu kupitia watu watatu tofauti. Mwambie zimefika. Mwambie kwa sasa asilete nyingine.

(Naongeza mimi. Nilikuwa na kaka mmoja tu. Sijui nimlaani au nimwombee. Hilo nalo usilipeleke mkutanoni.)

Fundi wa viti, pamoja na mkewe


Juni 30

Mdogo wangu,

Umeshasikia, lakini nataka usikie kwangu. Hakikupita.

Nilipewa nafasi ya kusema baada ya chakula cha mchana, wakati ambao hata mimi nisingejisikiliza. Nilipanda na grafu. Nilieleza idadi ya majeruhi, vitanda, damu inayohitajika, saa za upasuaji. Nilieleza vizuri, mdogo wangu. Mjumbe wa safu ya tatu alilala kwa adabu, mkono shavuni, ili ionekane anatafakari. Hadithi ilikuwa mdomoni mwangu muda wote, nimeibana kama mtu aliyebana kidonge asichotaka kumeza.

Yule wa kalamu alinifuata kwenye korido. "Nilidhani leo utatuletea kitu."

"Nilikuwa nacho. Mwenyewe amekataa."

"Si ungesema tu bila jina? Nani angejua?"

"Yeye."

Alinitazama kama ninayemtania, kisha akaenda kupiga kura, na haikuwa yetu.

Kifungu kitarudi mwakani, kama kuna watakaokumbuka kukirudisha. Hapa katikati bunduki zitauzwa, na wewe na wenzako mtaendelea kushona risasi zake zilipopita. Kuna watu wataumia mwaka huu ambao pengine nisingekuwa na sababu ya kuwawaza kama ningefungua mdomo. Nilijua hivyo nikiwa pale mbele, na nilifunga mdomo nikijua. Sijui kama nilifanya sawa. Najua tu kwamba cha Fundi nilikuwa nimekichukua mara moja, sikuweza kuchukua mara ya pili.

Usiniandikie kunifariji. Hujui kufariji, utaanza vichekesho.

Niambie kama mtafanya Jumamosi nyingine.

Dada yako


Julai 14

Dada Bomu,

Sikufariji. Nilikuwa na kichekesho kimoja kizuri kuhusu mjumbe wa safu ya tatu, nimekifuta.

Tumefanya. Nilitaka tuache, nikamwambia Muuguzi Mkuu kwamba sina uso wa kukifungua kile chumba. Akaniambia, "Uso wako hauhitajiki, Daktari. Nimeshapanga." Akanionyesha kiti changu, kimegeuzwa kutazama ukuta, mgongo kwa mlango. Simu zote, ya kwangu ya kwanza, zilifungiwa stoo ya mashuka.

"Sista, yaani nikae hivyo kama mtoto mtukutu?"

"Hivyo hivyo. Kama mtoto mtukutu."

Nikakaa. Mbele yangu kulikuwa na mchoro wa mifupa ya mguu, na naweza kukwambia, baada ya miaka yote hii, kwamba mchoraji aliurefusha unyayo kupita kiasi. Walikuja wachache. Sanduku halikujaa hata nusu. Habari za Fundi zimefika kila mahali, na waliobaki nyumbani na silaha zao wamebaki kwa sababu yangu. Nilikuwa nawasikia hata hao ambao hawakuja.

Kuna mmoja aliingia kwa ule mlango wa uani akasimama nyuma yangu bila kuweka kitu. Nilisikia anavyopumua. Kisha akasema, "Ukigeuka naondoka nacho."

"Sigeuki."

"Wewe ndiye yule wa picha?"

Nilitafuta jibu lenye nafuu kwangu, sikulipata. "Ndiye."

Akaendelea kusimama. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka, nilishika magoti kwa mikono yote miwili. Halafu nikasikia chuma kinawekwa juu ya meza, taratibu, na mlango. Sijui alikuwa mzee au kijana. Sijui ana vidole vingapi.

Fundi anakuja kliniki siku za mwenzangu, mimi nikiwa chumba cha upasuaji. Wamepanga hivyo, na sijapinga. Wiki iliyopita upasuaji wangu uliahirishwa, nikawa nimekaa chumba cha madaktari na chai yangu. Mwenzangu akachungulia mlangoni amefurahi. "Njoo uone, mkubwa. Vidole vya mkono wa kulia vimeanza kukunjika. Si vyote, lakini vinakunjika. Yuko hapo ndani, njoo haraka."

Nilikuwa nimeshainuka. Kikombe nilikiacha hewani, kikaanguka. Nilitaka kujua vinakunjika mpaka wapi, ngozi imekaaje, kano zinateleza au zinakwama. Ni kazi yangu ile, dada. Nilifika mpaka mlangoni.

"Kamuulize kwanza," nikasema.

"Nikamuulize nini? Wewe ndiye uliyempasua."

"Kamuulize kama naweza kuona."

Akanishangaa, akaenda. Nikaokota vipande vya kikombe. Nilikuwa bado nimechutama pale chini aliporudi.

"Amesema bado."

Mdogo wako